Ukoo wa Mnavu

Mimi muuza mboga, soko la Mkuyuni,
meza ya tatu ukitokea mashine ya kusaga.
Mnavu, nyanya chungu, bilinganya,
pilipili tano za mia, viazi kwa kisado.
Sikujua kama nimepanga ndugu juu ya gunia moja
mpaka Bi Leokadia, mwenye chumba cha vidonge vitamu
pale ghorofani, juu ya duka la nyavu,
alipoinama, akanusa jani, akasema:
"Hawa wote ukoo mmoja, Minza.
Hata ndulele. Hata tumbaku.
Na ng'ambo huko wanaye binamu,
matunda meusi, yanang'aa kama jicho la mbuzi.
Matatu tu, na mtoto haamki."

Ndulele naijua.
Kule Kisesa ilituchana miguu tukifuata ng'ombe,
matunda yake ya njano tukayapiga teke, mpira wetu.
Mama, jino likimkeketa,
alimwaga mbegu zake kavu juu ya kaa,
akajifunika khanga, mdomo wazi juu ya moshi,
mate yakamchuruzika mpaka gotini.
Akitoka humo macho mekundu, ulimi mzito,
hatukuruhusiwa kugusa kile kigae.
"Imenijua mimi," alisema. "Ninyi haijawajua."

Mwezi wa nne, mjukuu wangu Lugembe aliwaka.
Ghafla, saa tisa mchana:
uso umeiva, mboni zimetanuka,
mshipa wa shingo unatwanga kama kinu cha jirani.
Kituo cha afya wakamtoboa kidole. Malaria hakuna.
Panado, maji mengi, mrudishe kesho.
Nikapanda ngazi za duka la nyavu.

Bi Leokadia akanichorea kazi yake nyuma ya risiti.
Tone moja la yule binamu,
matone tisini na tisa ya maji. Tikisa.
Gonga chupa kwenye kitabu kinene.
Chota humo tone moja,
tisini na tisa tena. Tikisa.
Mara thelathini.

"Mwisho, sumu imebaki?"
"Haijabaki."
"Na dawa?"
"Ndiyo imezidi. Kimwashacho mzima humzima awakaye."

Nikacheka, Mungu anisamehe, mtoto mgongoni.
Dawa ya moto ni moto, hilo hata bibi yangu alilijua,
ila moto gani huu usio na cheche?
Mimi nimelelewa na haba na haba hujaza kibaba,
huyu mama anapunguza kibaba mpaka kijae.

Nikatoa elfu tano.
Punje nyeupe, ndogo kama ulezi, chini ya ulimi.
Lugembe akanyonya, akafumbua jicho moja:
"Bibi, nyingine. Ni pipi."

Usiku kucha nilimkanda kwa kitambaa,
nikibadili maji, nikihesabu pumzi,
nikidanganya hesabu pale aliporuka moja.
Saa kumi alfajiri jasho likamtoka,
akaomba uji, akaulizia sandali zake.

Nani alimponya?
Panado inasema mimi. Kitambaa kinasema mimi.
Homa nyingine huchoka zenyewe, kama mgeni
aliyeona sufuria imefunikwa.
Bi Leokadia anajua. Mimi sijui,
na mama angeuliza tu: moshi uko wapi?

Kichupa nilikiosha ziwani, kwenye mawe ya Butimba,
kije kunifaa kwa mafuta ya taa.
Nimeinama hivyo ndipo likanijia:
kama yule mama asema kweli,
basi kile kidogo kilichobaki kimeingia humu,
mawimbi yanakitikisa, yanakigonga kwenye majabali,
kinakwenda Ukerewe, kinakwenda Musoma,
Kisumu, Jinja, kila maili kinapungua,
kila maili kinazidi nguvu,
na kufikia Jumapili
ziwa zima litakuwa dawa ya homa.

Nikajaza ndoo yangu hapo hapo.
Nikapanda nayo nyumbani, kuyachemsha.